Naomba ushauri: mtafiti anataka dawa ya babu, hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) itakuwa ya nani?

Habari zenu wanajamii. Babu yangu ni mganga wa mitishamba huku Muheza, Tanga. Mtafiti kutoka chuo fulani anaomba magome ya mti anaowachemshia wagonjwa wa homa, tena aelezwe na vipimo vyake. Fomu aliyoleta haitaji umiliki popote. Babu anataka kusaini, ni mtu wa kuamini watu; nimemwomba asubiri. Ofisi ya kata hawana jibu.

Najua hataza huombwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), na jambo likishatangazwa hadharani huhesabiki tena kuwa umevumbua. Artemisinini, kiambato cha dawa mseto ya malaria, ilitokana na tiba ya jadi ya Wachina, ndiyo maana naogopa.

Je, babu anaweza kuandikwa mvumbuzi mwenza? Na mkataba uweke masharti gani kabla hajatoa hata kipande cha gome?