Presha kuka ya umeme: maharage yanarusha povu, plagi inapata moto. Nakosea wapi?

kijungu_kipya

Habari za humu wakuu. Nina presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1000, ile ya vitufe. Niko Mbeya mjini.

Naosha kilo moja ya maharage bila kuyaloweka, natia maji mpaka yanapita nusu ya sufuria, naseti dakika 30. Ikilia tu nageuza valvu kutoa mvuke, na hapo mchuzi wenye povu unaruka mpaka ukutani. Maharage yenyewe bado magumu. Siku nyingine mvuke umekwisha kabisa lakini kile kipini cha kwenye mfuniko hakishuki, mfuniko unagoma kufunguka. Halafu plagi nimeichomeka kwenye ekstensheni, na baada ya nusu saa ukiigusa ina moto. Jiko ni bovu au mpishi ndiye mbovu? Jirani anasema nimeleta bomu ndani.

mwiko_mrefu

Jiko lako ni zima. Kilichozidi ni hiyo kilo.

Maharage makavu kilo moja yakivimba yanajaza kama lita 2 na nusu peke yake. Ukiongeza maji ya kuyafunika unapita lita 3 na nusu. Angalia ubavuni mwa sufuria ya ndani, kwa kawaida kuna alama. Theluthi mbili ni mwisho kwa nyama, supu na viazi. Nusu, yaani lita 3 kwa jiko lako, ndiyo mwisho kwa chochote kinachovimba au kutoa povu: maharage, choroko, dengu, mchele, makande. Kwa hiyo kipimo chako ni gramu 600 za maharage makavu, si zaidi. Kilo nzima ipike kwa awamu mbili, umeme unaoongezeka si wa kukukosesha usingizi.

Sasa kwa nini yanaruka. Ndani ya sufuria iliyofungwa maji yako kwenye nyuzi joto 115 hivi na hayachemki kwa fujo kwa sababu presha inayakandamiza. Ukigeuza valvu ghafla, presha inaanguka, na maji yote yanachemka kwa mpigo mmoja, juu mpaka chini. Uji wa maharage unapanda kama maziwa yanayofurika na kutafuta tundu la mvuke. Ukutani kuchafuka ni shida ndogo. Shida kubwa ni ganda la harage kukwama kwenye njia hiyo ya mvuke.

Kwa maharage, usiguse valvu. Ikilia, iache ipoe yenyewe dakika 20 hadi 25 mpaka kipini kishuke. Dakika hizo si za bure, maharage yanaendelea kuiva humo ndani. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kula ukikitia mwanzoni kinapunguza povu. Na siku ukifungua valvu ukaona badala ya mvuke mweupe yanatoka matone ya mchuzi, irudishe ifunge, subiri dakika 5, jaribu tena kidogo kidogo. Geuza kwa mpini wa mwiko, si kwa vidole, na jiko lisiwe chini ya kabati. Kitambaa usiweke juu ya valvu hata kama unaogopa kuchafua ukuta.

Kipini kisichoshuka: hicho ndicho kinachofunga mfuniko. Presha ikiwepo kinapanda na kuzuia mfuniko usizunguke, ikiisha kinaanguka kwa uzito wake. Mchuzi ukikaukia pale kinanata. Hakikisha valvu iko wazi, hakuna kinachotoka, hakuna sauti ya kufukuta, na zimepita dakika 10. Hapo ndipo unakisukuma chini taratibu kwa kijiti kirefu, uso ukiwa mbali. Kama ukikigusa kinatoa mvuke, acha mara moja, bado presha ipo. Kisu cha kubandua mfuniko sahau kabisa. Ukishafungua, chomoa ule mpira mdogo ulioshikilia kipini kwa ndani, osha vyote viwili, rudisha. Na kile kikofia cha chuma chenye vitundu chini ya valvu kivute, kioshe kila ukipika maharage. Wengi hata hawajui kuwa kinatoka.

fundi_volti

Nijibu la plagi, maana hilo ndilo linalounguza nyumba.

Wati 1000 kwenye volti 230 ni ampea 4 na kidogo. Huo si mzigo wa kutisha, hata waya wa milimita za mraba 0.75 unaubeba. Kwa hiyo plagi ikipata moto kwa mzigo mdogo hivyo, ujue tatizo ni mguso: vibati vya ndani ya ekstensheni vimelegea, au skrubu ndani ya plagi haijakaza waya. Pale penye mguso hafifu umeme unapita kwa shida na kuzalisha joto, joto linalegeza vibati zaidi, siku ya siku plastiki inageuka kahawia na kuyeyuka. Zima swichi, chomoa, fungua plagi, kaza skrubu tatu. Kama plagi iko sawa basi ekstensheni ni ya kutupa. Jiko hili lichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13.

Ukilazimika kutumia ekstensheni, iwe na waya wa milimita za mraba 1.5, uufungue wote usiwe umeviringishwa, na usichanganye na birika la umeme. Birika la wati 2000 pamoja na jiko ni ampea 13 kamili, hapo huna nafasi iliyobaki.

La pili ni erthi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Majiko mengine yanakuja na plagi ya pini mbili za duara, na watu wanaongeza adapta ya shilingi elfu moja au mbili. Adapta nyingi za aina hiyo hazina erthi inayofika kwenye jiko. Jiko hili lina bodi ya chuma, maji na mvuke. Kama maji yakiingia kwenye kipashio, yaani sehemu inayopasha joto, na bodi ikapata umeme, bila erthi anayekamilisha njia ni wewe uliyeshika mfuniko. Fundi akate plagi ile aweke ya pini tatu za bapa, ila ahakikishe kwanza waya wa jiko una nyaya tatu ndani. Ukiwa na nyaya mbili tu kwenye jiko la chuma, rudisha dukani.

Na kabla ya kutumbukiza sufuria ya ndani, ipanguse nje iwe kavu, kisha angalia kwenye sahani ya moto. Katikati kuna kitufe chenye springi, hicho ndicho kinachosoma joto. Punje moja ya mchele ikikaa hapo, sufuria inainuka, kitufe kinasoma uongo na chakula kinaungua. Sufuria hiyo hiyo usiibandike kwenye mkaa wala gesi siku umeme umekatika: kitako kinapinda kidogo tu, hukioni kwa macho, na hakitagusana vizuri na sahani tena.

Jibu la jirani: majiko mengi ya aina hii yana swichi ya presha inayokata umeme, fyuzi ya joto ikiwa swichi imekwama, na valvu inayojinyanyua yenyewe presha ikizidi. Mara nyingi ili lilipuke inabidi uzibe njia za mvuke au ulazimishe mfuniko. Si bomu, ila si sufuria ya kawaida.

kijungu_kipya

Nashukuru sana wakuu. Plagi nimeifungua, waya mmoja ulikuwa unacheza kweli. Sasa maharage kubaki magumu je? Na naruhusiwa kukaangia nyama humo humo kisha nifunge?

githeri_na_ukoko

Hilo la ugumu ni la mwinuko, na sisi wa Nairobi tunalijua vizuri. Kijitabu cha jiko kimeandikwa kwa mtu wa usawa wa bahari. Valvu inashikilia presha ya kama kilopaskali 70 *juu ya hewa ya nje*. Dar au Mombasa hewa ya nje ni 101, jumla 171, maji yanafika nyuzi 115. Mbeya kwenye mita 1,700 hewa ya nje ni kama 83, jumla 153, unaishia nyuzi 112. Nyuzi tatu zinaonekana kidogo lakini harage linazijua. Kanuni ya jikoni: kila mita 300 ukishapita mita 600, ongeza asilimia 5 ya muda. Kwako ni kama moja ya tano.

Kwa hiyo kwa Mbeya: maharage yaliyolowekwa usiku kucha dakika 15 hadi 18, yasiyolowekwa 40 hadi 45, yote yapoe yenyewe. Makande ya mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa pamoja na maharage, 45. Mahindi yenye ganda, yaani githeri yetu, weka saa nzima. Nyama ya ng'ombe ya vipande 35, utumbo 45, kongoro saa na dakika 10. Maharage ya zamani yaliyokaa ghalani miaka miwili hayafuati kanuni yoyote, usilaumu jiko. Chumvi haina neno, lakini nyanya na ndimu zitie baadaye, asidi inakaza ganda.

Umeme nao usiusahau. Jioni volti zikishuka mpaka 180, jiko la wati 1000 linatoa kama wati 610 tu, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Litachelewa kupanda presha, ila dakika ulizoseti huanza kuhesabiwa presha ikishapanda, kwa hiyo usiongeze muda kwa ajili hiyo.

Jambo moja la afya ambalo halijasemwa. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha. Presha inaiua. Lakini jiko lako huenda lina kitufe cha kupika polepole, na joto la hapo linaweza lisitoshe kuivunja. Maharage usipike kwa kitufe hicho. Yaliyolowekwa, mwaga maji ya kulowekea.

mwiko_mrefu

Kukaanga: ndiyo, mfuniko ukiwa wazi. Kaanga kitunguu na nyama kwa kitufe cha kukaangia, kisha tia kikombe kimoja na nusu cha maji, kwangua chini kwa mwiko wa mbao mpaka ukoko wote utoke, ndipo ufunge. Usipokwangua, ule ukoko unaungua na jiko linazima katikati ya mapishi. Kimiminika cha chini kabisa kwa lita 6 ni hicho kikombe kimoja na nusu, mililita 375, kiwe maji au mchuzi mwepesi. Mafuta hayahesabiki kama kimiminika. Kufunga mfuniko ukiwa na mafuta ya kukaangia kuku ndani ni marufuku: mafuta yanapita nyuzi 160 kirahisi, mpira wa mfuniko hautengenezwi kwa kazi hiyo, na ukivuja unarusha mafuta ya moto.

Tui zito na nyanya ya kopo vitie mwishoni, ukishafungua. Uji na ugali usifungie kabisa, vinapanda na kuziba valvu, visonge mfuniko ukiwa wazi.

Supu ya kongoro yenye mafuta mengi, hata kipini kikishashuka, tikisa jiko kidogo kabla ya kufungua. Chini ya lile tabaka la mafuta kunaweza kuwa na maji yaliyopita joto la kuchemka bila kuchemka, yanasubiri mwiko wako yaripuke. Ukifungua, inua upande wa mbali kwanza ili mvuke uende upande wa pili.

chapati_za_jana

Samahani kuingilia. Mvuke wangu unatoka pembeni mwa mfuniko na kipini hakipandi. Naweza kuukata mpira wa tyubu ya baiskeli?

fundi_volti

Usithubutu. Mpira wa tyubu si wa chakula na hauvumilii joto hilo, utalainika na kupasuka.

Kwanza fanya jaribio la maji: tia vikombe vitatu, funga, valvu kwenye kufunga, seti dakika 5. Kipini kifukute mvuke kidogo kisha kipande ndani ya dakika 6 hadi 10. Mvuke ukitoka ukingoni, chomoa mpira, uoshe, uzungushie vidole kutafuta ufa au sehemu iliyokakamaa, angalia kama kibati kinachoushikilia hakijapinda, kisha urudishe uzunguke kwa mkono bila kukwama. Mara nyingi ni punje ya wali tu iliyokaa pale.

Kama umelegea au una ufa, nunua mwingine wa silikoni. Majiko mengi ya lita 5 na 6 hutumia kipenyo cha ndani cha sentimita 22, lakini nenda dukani na mfuniko wenyewe, maana unene na mdomo wa mpira hutofautiana. Mpya utabana kidogo mara mbili tatu za mwanzo. Hata usipopasuka, baada ya mwaka mmoja na nusu ubadilishe.