Unix V7 kwenye RP04: mkfs inamaliza kimya lakini konsoli inajaa makosa. Jedwali la patisheni liko wapi?

bloki_512

Habari wakuu. Nina Unix V7 (ile ya 1979) inayoendeshwa ndani ya SIMH (kiigaji cha kompyuta za zamani) kama PDP-11/45 ya DEC. Diski, aina ya RP04 ya DEC, nimeifunga hivi:

set rp0 rp04
attach rp0 v7.dsk

Patisheni ya mzizi inawaka bila shida. Kwa ajili ya /usr nikafuata maelekezo:

/etc/mknod /dev/rp3 b 6 7
/etc/mkfs /dev/rp3 322278

mkfs (amri ya kuunda mfumo wa faili) inamaliza na kurudisha alama ya amri kama kawaida, ila konsoli inamwaga "err on dev 6/7" mfululizo, na kila bn (namba ya bloki) ninayoiona ni kubwa kuliko 153000. Faili la diski ni zima na nafasi kwenye mashine mama ipo tele.

Nina maswali matatu. Hapa hakuna fdisk (programu ya kugawa diski) wala chochote kinachofanana nayo, sasa mfumo unajuaje patisheni inaanzia wapi? Naweza kuigawa /usr mara mbili? Na nikitaka kuchomoa patisheni moja niisome kwenye Linux, nianzie sekta ipi?

---

kerneli_kongwe

Mkuu, kwenye diski hiyo hakuna jedwali la patisheni kabisa, usilitafute. Mgawanyo umeandikwa ndani ya draiva yenyewe, kwenye /usr/sys/dev/hp.c, na umekompailiwa pamoja na kerneli. Fungua faili hilo utakuta safu ya mistari minane. Kila mstari una idadi ya bloki, kisha silinda ya kuanzia:

9614, 0
8778, 23
0, 0
0, 0
161348, 44
160930, 430
153406, 44
322278, 44

Biti tatu za chini za namba ndogo ya kifaa ndizo zinazochagua mstari, kuanzia 0 hadi 7. Biti zinazofuata huchagua diski. Kwa hiyo 6/7 maana yake ni draiva namba 6 (hp), diski 0, mstari wa 7. Diski ya pili, mstari uleule, ingekuwa 6/15.

Sasa piga hesabu. RP04 na RP06 zote zina sekta 22 kwa njia (mduara mmoja wa sekta) na vichwa 19, yaani bloki 418 kwa silinda. RP04 ina silinda 411 na RP06 ina 815. Mstari wa 7 unaanza silinda ya 44 na unahitaji 322278 / 418 = silinda 771, hivyo unaishia silinda ya 814. Huo ni mstari wa RP06. Wako ni mstari wa 6: 153406 / 418 = 367, kuanzia 44 hadi 410, mwisho kabisa wa RP04.

Draiva haijui umefunga diski ya aina gani. Inalinganisha namba ya bloki na ukubwa ulioandikwa kwenye jedwali, basi. Bloki ya 200000 kwenye mstari wa 7 inapita ukaguzi huo, draiva inapiga hesabu ya silinda, inaituma, na diski ndiyo inayokataa kwa sababu silinda hiyo haipo. Hapo ndipo unaona "err on dev".

Kwa nini mkfs halalamiki? Kwa sababu /dev/rp3 ni kifaa cha bloki. write() inaishia kwenye akiba ya kumbukumbu na bloki inashushwa diskini baadaye, wakati mkfs imeshaambiwa kwamba kila kitu ni sawa. Kosa linabaki kati ya draiva na konsoli.

Dawa:

rm /dev/rp3 /dev/rrp3
/etc/mknod /dev/rp3 b 6 6
/etc/mknod /dev/rrp3 c 14 6
/etc/mkfs /dev/rp3 153406

Badilisha vyote viwili, namba ndogo NA ukubwa. Ukiweka mstari wa 6 halafu ukaacha 322278, hali inakuwa mbaya zaidi. Safari hii draiva yenyewe inaikataa bloki iliyozidi, inaiwekea alama ya kosa na kurudi bila kuchapisha neno. Konsoli itakuwa kimya, na utakuwa na mfumo wa faili unaoamini una bloki ambazo hazipo.

Kuhakikisha, soma njia ya mwisho (bloki 22 za mwisho) kupitia kifaa ghafi, yaani kisichopitia akiba, maana huko kosa linarudi papo hapo:

dd if=/dev/rrp3 of=/dev/null bs=22b skip=6972 count=1

Hiyo lazima ikubali. Ukiweka skip=6973 lazima igome.

Na jambo moja la hatari: mistari ya 4, 6 na 7 yote inaanzia silinda ya 44. Ni njia tatu za kuangalia eneo lilelile. Hakuna kinachokuzuia kumaunti mbili kati ya hizo kwa pamoja, na ukifanya hivyo zitaandikiana juu.

---

bloki_512

Ahsante sana mkuu, imekubali na konsoli imetulia. Sasa hiyo ya kugawa /usr. Nahariri mstari wa 6 moja kwa moja?

---

kerneli_kongwe

Hapana, mstari wa 6 uache ulivyo. Mistari ya 2 na 3 ni sifuri tupu, tumia hiyo. Ukiacha ile ya zamani unabaki na njia ya kufikia data yako hata kama mgawanyo mpya umekosewa.

Mahali pa kuanzia huandikwa kwa silinda, siyo kwa bloki, hivyo kila patisheni lazima ianze mwanzoni mwa silinda. Kwa RP04 mfano ni huu:

62700, 44 (silinda 44 hadi 193, yaani 150)
90706, 194 (silinda 194 hadi 410, yaani 217)

Jumla 153406, hakuna bloki iliyopotea. Kisha:

cd /usr/sys/dev
cc -c -O hp.c
ar r LIB2 hp.o
cd ../conf
mkconf < hptmconf
make unix
cp unix /nunix

Wengi husahau ile amri ya ar. Kerneli inaunganishwa kutoka LIB2 (maktaba ya draiva), si kutoka hp.o iliyolala kwenye saraka. Ukiiruka utapata kerneli mpya yenye jedwali la zamani na utashangaa kwa nini 6/2 inakataa kila kitu.

Usiifute /unix. Washa mashine, na kwenye kidokezo cha kupakia andika hp(0,0)nunix. Ikikaa sawa ndipo uibadilishe jina iwe /unix, na usichelewe, kwa sababu ps husoma anwani za kerneli kutoka /unix. Ukiendesha nunix huku /unix ni ya zamani, ps inaweza kukuonyesha takataka.

Eneo la swapu (mahali programu zinapohamishiwa kumbukumbu ikijaa) liko mstari wa 1, na faili la hptmconf linasema nswap 8778. Ukipunguza mstari wa 1 bila kupunguza nswap, kosa halitaonekana wakati wa kuwasha. Litakuja siku kumbukumbu imejaa na kerneli ikajaribu kuitoa programu nje. Ukiongeza mstari wa 1 bila kugusa nswap hakuna madhara, ila ziada hiyo haitumiki.

Vifaa vipya ni b 6 2 na b 6 3, na ghafi zake c 14 2 na c 14 3. Kabla ya mkfs kwenye mistari hiyo, hamisha kilichomo kwenye /usr. Ni eneo lilelile.

---

mtundu_wa_biti

Nijibu la tatu. Faili la SIMH kwa RP ni sekta za baiti 512 zilizopangwa mfululizo: silinda, kichwa, sekta. Halina kichwa cha habari mwanzoni, kwa hiyo hesabu ni kuzidisha tu: 44 × 418 = 18392.

dd if=v7.dsk of=usr.img bs=512 skip=18392 count=153406

Kabla hujaanza kulaumu chochote, thibitisha umekata mahali sahihi. Bloki kuu ya V7 iko bloki ya 1. Baiti mbili za kwanza ni ukubwa wa eneo la inodi, nne zinazofuata ni ukubwa wa mfumo wa faili:

od -A d -t x1 -j 512 -N 6 usr.img

Kwenye nafasi ya tatu hadi ya sita unatakiwa kuona 02 00 3e 57. Wengi hukwama hapa. PDP-11 huhifadhi namba ya biti 32 kwa kutanguliza neno la juu, lakini ndani ya kila neno baiti ya chini hutangulia. Soma 0002 kisha 573e, unapata 0x0002573e, ambayo ni 153406. Programu inayosoma baiti nne kwa mpangilio wa x86 itakuambia mfumo wa faili una bloki zaidi ya bilioni moja, kisha itakataa kuendelea.

Usipoziona baiti hizo, angalia urefu wa faili lenyewe. RP04 kamili ni baiti 87,960,576 na RP06 ni 174,423,040. SIMH inaweza kuacha faili fupi kama sekta za mwisho hazijawahi kuandikwa, kwa hiyo ufupi peke yake si ushahidi wa uharibifu. Urefu unaozidi 87,960,576 kwenye kitu unachokiita RP04, huo ndio wa kutiliwa shaka.

Angalizo jingine: ukifunga diski mpya, SIMH huweza kuuliza "Overwrite last track?" Hapo inataka kuandika jedwali la sekta mbovu la DEC kwenye njia ya mwisho. Kwenye diski tupu jibu lolote halina madhara. Kwenye diski yenye V7 jibu ni hapana, daima, kwa sababu mstari wa 6 wa RP04 unafika hadi sekta ya mwisho kabisa na V7 hailijui jedwali hilo. Utakuwa umefuta bloki za njia ya mwisho ya /usr.

---

lebo_kwanza

Mimi nisingehariri hp.c kwa kazi ya kila siku. Kama lengo ni kutumia mashine na si kuichunguza V7 yenyewe, hamia 2.11BSD (Unix ya baadaye kwa PDP-11). Huko mgawanyo unakaa kwenye lebo, sekta ya 1 ya diski. Sekta ya 0 ni ya kuwashia, na mfumo wa faili hauigusi sekta ya 1, kwa hiyo patisheni a inaweza kuanza 0 bila kuikanyaga lebo. RP04 na RP06 zinashughulikiwa na draiva ya xp:

disklabel -r -e xp0

Unapata kihariri chenye patisheni a hadi h, ukubwa na mwanzo vyote kwa sekta. Hesabu za silinda zinabaki busara, si sharti. Mfano kwa RP06, kwa vipimo vilevile BSD ya VAX ilivyovitumia:

a: 15884 kuanzia 0
b: 33440 kuanzia 15884
c: 340670 kuanzia 0

Nafasi inayobaki inaanzia 49324, ambayo ni silinda ya 118 kamili. Linganisha na 18392, ambapo /usr ya V7 inaanzia. Diski ileile, mwanzo tofauti kabisa, ndiyo maana huwezi kuchukua diski ya mfumo mmoja na kuimaunti kwenye mwingine kwa kudhani "ni RP06 tu".

Vitu viwili vitakusumbua. Kerneli inakataa kuhamisha au kupunguza patisheni iliyofunguliwa, hivyo toa umount kwanza. Na ukijaribu kumwaga dd kwenye xp0a au xp0c kuanzia mwanzo, unaambiwa mfumo ni wa kusoma tu. Hakuna kilichoharibika, ni kinga ya sekta ya lebo. disklabel -W xp0 inaifungua, -N inaifunga tena.

4.3BSD ikitumia bad144 (mpango wake wa kushughulikia sekta mbovu) inahitaji njia ya mwisho pamoja na sekta 126 kabla yake. Kwa RP06 hizo ni 148, kwa hiyo patisheni ya mwisho inayoanza 49324 isizidi 291198.

---

bloki_512

Shukrani wote. od imenipa 02 00 3e 57 sawasawa. Swali dogo: nikiweka kerneli ya majaribio kwenye /usr badala ya mzizi, naipakiaje? hp(0,6) inagoma.

---

kerneli_kongwe

Kipakizi cha V7 hakijui jedwali la hp.c. Namba ya pili kwenye mabano si patisheni, ni bloki ambapo mfumo wa faili unaanzia, na njia ya faili inasomwa kuanzia hapo. Faili likiwa /usr/nunix andika:

hp(0,18392)nunix

Kerneli ikishapanda itaendelea kutumia mzizi ulioandikwa kwenye hptmconf, yaani hp 0, bila kujali imepakiwa kutoka wapi.