Jirani anamwaga kifusi kando ya Mto Naura, naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nipo Arusha, nyumba ya tatu kutoka Mto Naura. Tangu mwezi uliopita jirani yetu anashusha kifusi ukingoni, kirikuu (vigari vidogo vya mizigo) mbili au tatu kwa siku, anasawazisha apate eneo la kujenga fremu za maduka. Mto umebanwa upande mmoja, na sasa maji yanapiga upande wetu. Ukingo unamegeka; mti wa mparachichi aliopanda marehemu baba mizizi iko nje.

Wenyeji mnajua maji ya Meru yanavyoshuka wakati wa masika. Mvua inanyesha huko juu, huku kwetu jua linawaka, ghafla unasikia mto unanguruma. Watoto wanakatiza hapo kwenda shule. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimemfuata kwa heshima, maana ni mtu mzima na tumezikana. Akaniambia kiwanja ni chake. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akaangalia, kimya hadi leo.

Ninavyofahamu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli kama hizi ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sasa niandike barua kwa mtendaji wa kata kwanza, au niende moja kwa moja NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira? Picha za simu zenye tarehe zinatosha? Na kuna aliyewahi kufuatilia jambo kama hili bila kuvunja ujirani? Mama yangu bado anasali jumuiya moja na familia yake.