Binti yangu kachomewa picha mstarini eti kachora Frimasoni, nina hasira wakuu

Wakuu, nimekaa na hili jambo tangu Ijumaa nikijiambia nipoe kwanza ndio niandike. Sijapoa, naandika hivyo hivyo.

Binti yangu yuko fomu thrii, shule ya kutwa hapa hapa Dar, anasoma sanaa za ufundi. Mwalimu wao aliwapa kazi, kila mtu achore kumbukumbu ya kwao, zilizo nzuri zitatundikwa ukumbini siku ya wazazi. Yeye akamchora bibi yake, mama yangu mzazi, tuliyemzika Newala mwaka jana. Kachora ile nyumba ya bibi ya bati, mvua inanyesha, halafu pale juu kwenye pembe ya paa kaweka uso wa bibi wenye jicho moja kubwa linawaangalia wajukuu uani. Kwa nini jicho moja? Kwa sababu sisi ni Wamakonde jamani! Baba yangu mdogo anachonga Mwenge mpaka leo, na huyu mtoto likizo zote anashinda kwenye kibanda chake anapiga msasa vinyago, vile vinavyoitwa shetani, jicho moja, masikio makubwa, mdomo umepinda. Hayo ndio macho aliyokua akiyaona. George Lilanga, Mmakonde mwenzetu, kajulikana dunia nzima kwa kuchora mashetani hayo hayo, na hakuna aliyemwita mchawi.

Wiki mbili kakesha na hiyo hadibodi, rangi za makopo kama wanazotumia wachoraji wa Tingatinga, nyumba nzima inanuka tapentaini, kopo la bluu na la nyeupe nilimnunulia mwenyewe.

Sasa mwalimu wa nidhamu kapita ukumbini kaona pembetatu ina jicho ndani, basi, Frimasoni. Hakumuuliza mtoto, hakumuuliza hata mwalimu wa sanaa aliyetoa kazi. Asubuhi mstarini mtoto kaitwa mbele, shule nzima inamwangalia, kaambiwa ataje nani kamuingiza, atamtaja nani sasa? Kachapwa fimbo sita, halafu picha ikapelekwa shimo la taka ikachomwa huku watu wanakemea mapepo. Mtoto wa miaka 16!

Karudi na kipande alichokiokota baadaye, ukubwa wa kiganja hivi. Ni sehemu ya lile jicho, rangi imetoka malengelenge kama ngozi iliyoungua, nyeupe imekuwa kahawia, lakini kope bado zinaonekana moja moja, alizichora kwa brashi nyembamba usiku mimi nikimwambia akalale. Kakifunga kwenye kanga ya bibi yake kaweka chini ya mto. Shule hataki, wenzake wanamuita "memba".

Jumatatu nikaenda. Mkuu wa shule ananiambia "mzee, hiyo alama inajulikana". Inajulikana na nani? Jicho ndani ya pembetatu Wakristo wa Ulaya walilichora makanisani kumaanisha Mungu wa Utatu anayeona yote, Frimasoni wamekuja kulichukua baadaye. Liko kwenye noti ya dola 1 ya Marekani tangu 1935. Nyoka kazunguka fimbo kwenye bendera ya WHO, kesho mtoto akichora zahanati akamuweka nyoka naye achapwe?

Sisemi watoto wachore chochote walimu wakae kimya. Mtoto akichora swastika, mwalimu ana haki ya kushtuka, ile alama chini ya Hitler imeua mamilioni. Ila hata hiyo unamuita mtoto pembeni unamuuliza, maana Wahindu wanaiweka mlangoni kuombea heri, wameanza maelfu ya miaka kabla ya Hitler kuzaliwa, na watoto wa Kihindu tunasoma nao hapa hapa mjini. Dakika tano tu za kuuliza! Binti yangu angewaambia "huyu ni bibi" na yangeisha.

Na hii hofu sio ya leo. Kenya mwaka 1994 Moi aliunda mpaka tume ya kuchunguza ibada za shetani, na wanafunzi nao wakanyooshewa vidole. Siku zote anaanza mtoto, kwa sababu hawezi kujibu.

Halafu hizo fimbo. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi 4, mkuu wa shule ndiye aidhinishe, viandikwe kwenye daftari, na mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Walimu wa kike wamejaa pale, kachapwa na mwanaume. Nikaomba kuona daftari, mkuu anageukia dirishani ananiambia nije wiki ijayo. Mwalimu wa sanaa nilikutana naye getini, kaninong'oneza "pole baba" akapita haraka. Simlaumu sana, ni kijana ameajiriwa juzi.

Naomba wenye uzoefu, hasa walimu mlioko humu, barua naanzia bodi ya shule au naenda moja kwa moja kwa afisa elimu sekondari wa wilaya? Nataka wamuombe mtoto radhi pale pale mstarini walipomdhalilisha, sio ofisini mlango umefungwa. Nataka barua ifike kabla ya Jumamosi ijayo, ndio siku ya wazazi, na kile kipande nakibeba kama ushahidi, kaniruhusu mwenyewe jana usiku.