Kutazama nyota Kondoa mwezi wa Julai: nijiandae vipi?

Mgeni wa Kondoa
Ndugu wanajukwaa, mwezi wa Julai nitakaa siku kumi kwa wakwe zangu, katika kijiji kisicho na umeme karibu na Kolo, wilayani Kondoa, ambako safari iliyopita niliona nyota nyingi kuliko zote nilizopata kuziona tangu nihamie Dodoma mjini. Safari hii ningependa kufahamu ninachokitazama. Je, ninunue darubini, na ni siku zipi zinazofaa?

Mwalimu Mstaafu
Kabla ya darubini, tazama mwezi. Mwezi mpevu hufifisha nyota hata kijijini, kwa hiyo safari yako ianze siku mbili tatu baada yake. Tangu hapo mwezi huchelewa kuchomoza kila siku, nawe utapata giza la kutosha kabla ya kulala. Julai inafaa, kwa kuwa mvua zetu zimekwisha na moshi wa mashamba yanayochomwa haujatanda.

Saa mbili usiku elekea kusini: utauona Msalaba wa Kusini, nyota nne zenye umbo la msalaba, umeinamia magharibi, na kushoto kwake nyota mbili angavu zinazouelekea. Kundi la nyota liitwalo Nge huwa juu upande wa kusini-mashariki, moyo wake ukiwaka wekundu, na ikifika saa tano Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota nyingi, hupita karibu na utosi. Nyota ya Kaskazini usihangaike nayo, maana kwetu sisi tulio kusini mwa ikweta imejificha chini ya upeo wa macho. Kilimia, kishada cha nyota ambacho wazee walikitumia kujua majira ya kulima, kitakudai uamke saa kumi na moja alfajiri na kutazama kaskazini-mashariki.

Mkazi wa Bahi
Niliwahi kununua darubini ndefu ya miguu mitatu, ya bei nafuu, na kila upepo wa kipupwe ulipovuma nyota zilirukaruka hata nikakata tamaa. Ile ndogo ya macho mawili, inayokuza mara 7 na yenye lenzi za milimita 50, inatosha. Macho nayo huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, basi zima simu na ufunge tochi kwa kitambaa chekundu.

Tena waarifu wakwe na majirani mapema. Mtu anayesimama uwanjani saa nane za usiku bila sababu inayojulikana huweza kudhaniwa mchawi, na ukweni jambo hilo halisahauliki.

Mgeni wa Kondoa
Nashukuru, Mwalimu, nawe ndugu wa Bahi. Mama mkwe nimekwisha kumpigia simu. Amesema mkeka atanitandikia nje, lakini hiyo saa kumi na moja niamke mwenyewe.