Naomba ushauri: mzee alikubali sauti yake isikike, watoto wake wanakataa

Jambo yenu wandugu. Tuko wanafunzi wa historia hapa Lubumbashi. Kazi yetu ya mwaka huu haiishii mezani kwa profesa: tunatayarisha maonyesho ya sauti na picha, nje kabisa, komini ya Kenya humu mjini, juu ya maisha ya kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi iliyokuja kuwa Gécamines.

Sauti inayobeba maonyesho yote ni ya papa mmoja aliyesimulia yale baba yake aliyoyaona Desemba 1941, wagomaji walipopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira. Alikubali isikilizwe hadharani, na kukubali kwake kumo ndani ya rekodi. Sasa amefariki. Mtoto mkubwa anataka tuiondoe. Wadogo zake wanataka tuwalipe (franga za mwanafunzi mnazijua). Baada ya matanga tulienda kwao, tukawasikilizisha rekodi nzima, tukaahidi nakala. Hawajalegea. Profesa anasema tuamue wenyewe.

Je, neno la marehemu linatosha, au sasa familia ndiyo yenye kauli? Na kuna aliyewahi kumpa mtu mwingine asome maneno kama hayo bila kutaja jina, familia ikakubali?