Mjadala: Mchungaji asomeshwe barua za wapagani?

Wakuu, anayesomea Agano Jipya asomeshwe pia maandishi ya majirani zake wa dola ya Rumi, waabudu miungu wakiwemo, au Biblia inajitosheleza? Mimi nasema asomeshwe. Ushahidi wangu ni mstari mmoja.

3 Yohana 1:2: "Mpenzi, naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako, kama vile roho yako ifanikiwavyo." Umehubiriwa mno kama hati ya ahadi: panda mbegu, utajiri ni haki yako.

Sasa mtazame Apion, kijana wa Misri aliyeingia jeshi la majini la Rumi karne ya 2. Kafika Misenum, Italia, anamwandikia baba yake kwenye karatasi ya mafunjo: kabla ya yote naomba uwe na afya na ufanikiwe siku zote, pamoja na dada, binti yake na kaka. Kisha anamshukuru bwana Serapis, mungu wa Misri, kwa kumwokoa baharini. (Hasahau kutaja sarafu 3 za dhahabu alizopewa na Kaisari, na picha yake anayoituma nyumbani. Kuruta ni kuruta tu.) "Naomba" na "uwe na afya" ni vitenzi vilevile vya Kigiriki alivyotumia yule Mzee (ndivyo mwandishi wa 3 Yohana anavyojiita) kwa Gayo aliyemwandikia: eukhomai, hugiainein.

Tulioandika barua kwa mkono tunaujua mtindo huo wa salamu. "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Nani aliwahi kuisoma akadhani mwandishi kweli hapati usingizi?

Jibu la 1: Mkuu, umeruka nusu ya mstari. Apion hakuandika "kama vile roho yako ifanikiwavyo". Hapo Mzee kaweka la kwake. Halafu ukiwaanzishia wanafunzi Serapis, kesho watasema Yesu naye ni wa kundi hilohilo.

Mleta mada: Hiyo nusu nakubali, umenishika. Ila umeiona kwa sababu barua zote mbili ziko mbele yako. Kuhusu kuogopa miungu, Matendo 17:28 Paulo yuko Athene, ananukuu shairi la Arato, mshairi wa Kigiriki, kwamba sisi tu wazao wake. Kwa Arato, huyo "wake" ni Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Nalo tuwafiche?